Mpangaji wa Kitabu

Nilikinunua Jumanne, baada ya zamu ya usiku,
shilingi mia nane na tisini. Ujumbe ukaingia:
Imethibitishwa.
Nikasoma sura tatu viatu vikiwa miguuni,
nikapigia mstari sentensi moja kuhusu chumvi,
nikalala.

Miezi saba baadaye narudi pale pale:
jalada limekuwa la kijivu, halifunguki.
Kitabu hiki hakipatikani tena katika eneo lako.
Eneo langu ni Umoja, nyuma ya kisiagi,
ghorofa ya nne, na mimi nipo.
Kitabu ndicho hakipo.

Nikaandika kuuliza. Wakajibu kwa adabu,
adabu ile ya ajenti wetu Gathogo
anapopanda ngazi na kufuli jipya mfukoni:
kwamba sikununua, nilipewa ruhusa ya kusoma;
kwamba imeandikwa, kipengele cha kumi na nne;
kwamba nilibonyeza Nakubali.

Nilibonyeza, kweli. Nani hajabonyeza?
Hata mkataba wa nyumba niliutia sahihi nimesimama,
kalamu ya kuazima, Gathogo akitazama saa.
Lakini nyumbani angalau najijua mpangaji.
Nalipa tarehe tano, sipigilii msumari ukutani.
Sikujua kwamba hata ile sentensi ya chumvi
niliiweka katika chumba cha kupanga.

Munyoki, anayetandaza vitabu Ronald Ngala
juu ya turubai la buluu, alicheka hadi akakohoa.
"Mimi nikikuuzia, nimekuuzia.
Nije usiku nikichomoe chini ya mto wako?
Nitaanzia wapi, dada, na kwako sikujui?"
Akanionyesha kimoja kilichopita mikono minne:
Jerusha Aoko, Kidato cha Pili Mashariki, wino wa zambarau;
chini yake, R. Musyimi, 1991;
jina la tatu limekwanguliwa kwa hasira;
la nne la mtoto, S yake imegeuka nyuma.
Hatimiliki hiyo,
na haikupitia Ardhi House.

Lakini macho yangu siku hizi yanataka herufi
za kukuzwa kwa vidole viwili,
na mkoba una sare, chakula, mwavuli.
Nakitaka kitabu simuni. Nakitaka kiwe changu.
Kwani nimeomba mambo yanayogombana?

Nikatafuta wiki tatu. Duka moja lilisema nunua,
kisha, kwa maandishi ya sisimizi, likasema kodi.
Jingine lilinipa faili, faili likataka nywila,
nywila ikataka niwe hewani,
na bando langu lilikuwa limekufa tangu saa nne.
La tatu lilikuwa safi, bei zake kwa yuro;
likaikataa kadi yangu mara tatu kana kwamba inanuka.

Ni Nthenya wa maabara aliyenielekeza
kwa wachapishaji wawili, mtu na mkewe,
juu ya duka la vitambaa, Biashara Street,
ngazi zote zinanukia kanga mpya.
Unalipa, wanakutumia faili kwa barua pepe,
tupu, bila kufuli,
na mstari mmoja chini yake:
Kitunze. Duka likifungwa, chenyewe hakitafungwa.

Hawana vingi. Kumi na tisa, nilivihesabu.
Cha chumvi hawana;
sentensi ile sasa naikumbuka nusu,
nusu naibuni.
Nikachukua cha mwanamke aliyefuga nyuki Kitui,
nikakinakili kwenye simu, kwenye flashi ya Luthuli,
kwenye simu ya kaka yangu, naye hata hasomi.

Jana stima zilipotea mtaa mzima.
Kisiagi kikanyamaza, modemu ikafumba jicho.
Nikafungua: ukurasa wa hamsini na mbili,
nyuki wakaendelea na kazi yao.

Nikatafuta pa kuandika jina.
Faili halina ganda la ndani, halina pa kumwaga wino.
Basi nikalibadilisha jina lenyewe,
herufi moja moja, gizani:
Nyuki, cha Nekesa.
Nikafunga. Nikafungua tena,
nikaongeza mwaka,
kama R. Musyimi.