Bawaba

Saa kumi na moja alfajiri, Igogo bado haijaamka,
nauinua mguu wa mama na kuuweka juu ya jaketi la boya,
lile la rangi ya chungwa aliloliokota mchangani Luchelele
nasi tukamcheka: utalivaa wapi, wewe usiyepanda hata mtumbwi?
Sasa analala nalo.

Kisigino kiwe juu kuliko moyo, alisema dada wa mazoezi pale Bugando,
maji yarudi yalikotoka.
Nabonyeza kifundo kwa kidole gumba.
Kinabaki kishimo.
Nahesabu mpaka kijae. Jana kilichelewa zaidi.
Au ndivyo ninavyotaka iwe.

Mimi ni fundi mageti.
Nimeitwa Capri Point kwenye nyumba zilizofungwa mwaka mzima,
mwenyewe akirudi, bawaba inalia kama mbuzi.
Si chuma kibovu. Ni kutoguswa.
Basi nalikunja goti polepole, nalikunjua,
nazungusha kifundo kulia, kushoto,
naufungua mkono wake kidole kimoja kimoja,
mkono uliopima dagaa miaka thelathini pale Mwaloni
na hakuna aliyewahi kudai sado haikujaa.

Anahesabu mwenyewe, kwa Kisukuma, nisije nikamwibia:
imo, ibili, idatu...
Akifika saba, ananitukana.
Akifika kumi, ananiuliza kama nimekunywa chai.

Mchana ni zamu ya Nkwimba wa nyumba ya pili.
Humgeuza ubavu, humpa maji,
hupapasa mashavu ya miguu: moja lisiwe na moto kuliko jingine.
Likiwa nao, hakuna kusugua, ni kukimbia hospitali,
na kukimbia kutoka huku mawe yalikotupandisha
ni wanaume wanne na kiti cha plastiki.
Majina yao yako mlangoni, kwa chaki.

Wanaokuja kumjulia hali humwambia, tulia bibi, usijisumbue.
Mama hulitazama jabali lililoziba nusu ya dirisha,
nusu nyingine ikiwa ziwa.
“Mwenzangu huyu ametulia,” anasema. “Mwone.”

Leo sijamgusa bado,
kidole gumba cha mguu kikasogea chini ya kanga.
Chenyewe.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Nikachelewa kazini.