Kupepeta

Saa tisa usiku, Kabete, mwezi wa Julai.
Baridi imekaa dirishani kama mpangaji asiyelipa kodi.
Mashine ya kutikisa chupa inavuma noti moja,
nyuzi thelathini na saba, joto la kwapa,
na katika mchuzi wa kahawia bakteria wanavimba,
wakinuka maharagwe yaliyolala.

Kirusi chetu si ndugu wa mafua.
Ni uzi tu, mwembamba hata mwanga hukikosa.
Hakijui pafu, hakijui mtu,
kinajua bakteria, na mlango wake mmoja.
Sisi tumekishonea kidole kwenye ncha,
kipande cha kingamwili ya binadamu,
na tumboni tumekiwekea maandishi ya kidole hicho,
ili kikishika, tujue kiliumbwaje.

Vidole bilioni kumi
katika tone la kulowesha ukucha.
Tunaiita maktaba, ingawa haina rafu.
Ilitoka katika damu ya watu arubaini:
mchuuzi wa vitunguu pale Wakulima,
mlinzi wa zamu, mtawa wa Riruta,
kijana aliyefuata soda na biskuti.
Hakuna aliyewahi kuumwa na koboko.
Hata hivyo, asema Dakta Wafubwa,
huenda mle ndani kimo kidole kinachomjua.

Sumu ilifika katika kichupa,
unga wa rangi ya maziwa yaliyokauka.
Nilitia sahihi. Nilisoma lebo mara mbili.
Kisha nikaziona kope za dada yangu Mbithe
zilivyotangulia kulala, mwenyewe angali akisema:
*Syokau, nani amezima taa?*
Ilikuwa saa nane mchana, Mutomo, jua la kupasua mawe.
Dawa itokayo kwa farasi ilikuwa Kitui mjini,
kabatini, na bei yake ng'ombe.

Basi napepeta.
Nabandika sumu kwenye sakafu ya kisima cha plastiki,
namimina maktaba, nangoja saa nzima, namwaga.
Naosha mara kumi. Visivyoshika vinakwenda na maji.
Vilivyong'ang'ania navibandua kwa asidi,
navipa bakteria, vinazaana hadi asubuhi,
na kesho napepeta tena, sumu kidogo zaidi, maji mengi zaidi.
Mama na ndengu zake angeelewa kabla sijamaliza kueleza:
uteo, upepo, mkono usio na haraka.

Ila mama hajawahi kudanganywa na uteo.
Mwezi uliopita tulishangilia visima ishirini,
tukaagiza mandazi,
kumbe vyote vilikuwa vimeshika plastiki.
Aliyeumwa na nyoka hushtushwa na ung'ongo;
hivi, visivyowahi kuumwa,
viliukumbatia ung'ongo vikaapa ndiye nyoka.
Cherotich alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Mimi nilikwenda kuosha vyombo.

Saa kumi stima ikapotea.
Tulisimama gizani, mikono juu ya friza
kama wanaomtuliza mtoto,
mpaka jenereta likakohoa, likakumbuka kazi.

Sasa kunakucha.
Visima tisini na sita mbele yangu.
Kinachoshika hugeuka buluu,
kisha nadondosha asidi, buluu inakuwa njano.
Safu ya kwanza, maji matupu. Ya pili, maji.
Safu ya nne, kisima cha saba, peke yake:
njano ya kiini cha yai la kienyeji.

Sikumwamsha Cherotich.
Bado kuna panya, bado miaka,
bado fedha za watu wasioijua Mutomo kwenye ramani.
Nje malori ya Waiyaki yameanza kunguruma,
na mtu anaburuta geti la duka.
Nimeandika namba daftarini kwa penseli, si kwa kalamu,
nikatoa sahani mpya, tupu, isiyo na sumu,
nikiulize kwanza
kama nacho kinapenda plastiki.