Kabla ya Bei

Tsuma, umeniuliza kwa simu
mahindi mabichi yanakwendaje Kongowea.
Nitakwambia. Lakini bei mwisho.
Kwanza utepe.

Utepe wa kliniki, mwembamba kama ukambaa,
una kijani, una manjano, una nyekundu.
Muuguzi aliuzungusha mkono wa Mbeyu,
juu ya kiwiko, pale panapofungwa hirizi,
akaukaza taratibu, akasoma.
Manjano.
"Mnalima?"
Nikasema ekari moja na robo, hapa hapa Mwakirunge.
Hakunijibu. Aliandika.
Kalamu ile ilinikwaruza kuliko tusi.

Maana mwaka ule shamba lilikuwa mahindi matupu,
toka mwarobaini hadi ukingo wa korongo,
na kuku kumi na mmoja wakitaga.
Mayai nikiyapanga kwenye trei,
nikiyapeleka dukani kwa Salmini,
nikirudi na biskuti.
Nikijiona mwerevu, Tsuma!
Mtoto akilia, biskuti.

Sasa sikiliza, na usinicheke.

Yai la kwanza ni la chungu, la pili ndilo la trei.
Kunde usingoje zikomae: chuma majani machanga,
acha kikonyo kichipue tena.
Ule mtsunga unaoung'oa ukiuita magugu
ndio mama aliotulishia mwaka wa njaa.
Uchungu wake tui la nazi litausemesha.
Mboga usizichemshe hadi zikate tamaa.
Chai ya rangi iache mbali na sahani ya mtoto,
mkamulie ndimu.
Na uji, Kache anautia dagaa wakavu,
katoa vichwa, katwanga, vijiko viwili,
na karanga konzi moja;
jirani huuliza leo kuna sherehe gani.

Ardhi nayo ina tumbo.
Masika yale niliuona udongo wangu ukishuka mikokoni,
mwekundu, kimya,
kama mpangaji anayehama usiku.
Nilikuwa nimelima kufuata mteremko, jembe likishuka nami,
kwa kuwa ni rahisi mgongoni.
Wewe ukate mteremko.
Funga miti mitatu kama herufi A,
ning'iniza uzi wenye jiwe;
jiwe likisimama katikati, hapo pana usawa,
hapo chimba mtaro,
udongo uutupe upande wa juu,
juu yake panda majani ya tembo, mbuzi watakushukuru.
Mabua usiyachome. Yalaze kati ya mistari,
yaoze yakiwa na adabu.
Samadi ichome fimbo: ikitoka na joto, bado, subiri.
Na dereva wa lori la jaa
akikuletea "mbolea" ya bure, mrudishe nayo.
Mimi nimeokota humo betri, sindano,
na mguu wa mwanasesere.

Sikupata pesa mwaka uliofuata.
Nusu ya mahindi niliipisha kunde, pojo, viazi vitamu,
mapapai matano, mawili yakawa madume.
Paa bado linavuja upande wa jiko,
na Kache hajaacha kunikumbusha.
Lakini mwezi wa tatu tulirudi zahanati.
Kijani, kwa unywele tu.
Muuguzi hakunipongeza. Aliandika tena,
na safari hii kalamu sikuisikia.

Haya, bei.
Wiki jana gunia lilikwenda elfu tatu na mia mbili,
kabla dalali hajatia mkono.
Lumbesa kataa, hata akikuapia kwa mamake.

Ila kabla lori halijafika,
mwite Nyamvula wako aje akunje ngumi.
Ushike mkono wake, juu ya kiwiko.
Kidole gumba na cha kati
vikikutana kwa urahisi mno,
lishushe gunia moja.