Mvungu

Greda lilipita mwezi wa Machi
likaacha mgongo wa kokoto katikati ya njia,
na tangu hapo tumbo la pikapu yangu
linaisoma barabara kwa kukwaruza.
Kilomita arobaini na moja kwenda shule,
arobaini na moja kurudi.
Nimekwisha kupoteza huko bamba la kukinga injini,
bolti tatu,
na matusi ambayo mwalimu wa darasa la pili
hapaswi kuyajua.

Basi nataka mvungu.
Si fahari. Hao vijana wa Trelew wenye magari marefu kama mbuni
na wapite taratibu mbele ya duka la aiskrimu.
Mimi nataka jiwe lipite chini yangu
bila kunisalimu.

Aldo Pritchard ananyonya chai chungu kwenye kibuyu,
ananihesabia kwa vidole vyeusi vya grisi:
Kuna spesa. Plastiki ngumu, unaipachika juu ya springi ya mbele,
bei yake kondoo wawili.
Gari litainuka, ila shokapu zitabaki zilezile, zimevutwa,
kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake.
Kuna springi mpya na shokapu ndefu,
na nyuma tunaongeza majani:
huo ni mshahara wako wa mwezi na nusu.
Na kuna ile pale (kidevu kinaelekea bango ukutani),
inchi sita, diferensha inashushwa.
Hiyo uza nyumba, ulale ndani ya gari.

Rahisi ghali, alisema baba,
kisha akanunua rahisi maisha yake yote.

Nauliza ya kuulizwa. Dizeli?
Itakunywa kidogo zaidi.
Upepo? Anacheka. Upepo wa huku una mikono,
ukipanda juu unakushika kiunoni.
Tairi?
Kaa na hizohizo. Lakini magurudumu lazima yanyooshwe,
asikudanganye mtu,
la sivyo yataliwa upande mmoja
kama mkate wa mtoto asiyependa ukoko.
Naandika hesabu nyuma ya imla ya mwanafunzi
aliyekosea neno «farasi» mara nne.
Natoa, najumlisha. Natoa tena.

Jumanne ni siku ya mama kliniki.
Hermelinda Nahuelquir, miaka sabini na minane,
na goti la kushoto lililoacha kazi bila kuaga.
Hupanda kwa awamu: mkono kwenye mshikio,
makalio kwanza, akipumua,
kisha miguu anaiingiza mmoja mmoja
kama kuni.

Sikuwa nimemwambia.
Tukapita gereji, Aldo akatia jeki
ili nione inchi nne zinafananaje.
Niliona. Nilipenda, sitaficha.
Mama akasimama kando ya mlango wake,
mkoba kifuani.
Shusha, akasema.
Aldo akashusha.
Shusha.
Upepo ukalipiga bati la paa.
Hapo.

Aldo akachukua futi: sentimita tano, na unywele.
Umepimia nini, mama?
Goti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nawafundisha watoto, nao wanainama kweli chini ya madawati.
Hakuna aliyenifundisha mimi
habari ya yule asiyeweza kuinama
na bado lazima apande.

Tukachukua springi za wastani,
jani moja nyuma badala ya matatu,
shokapu za mbele sasa, za nyuma zingoje Julai.
Malipo mara tatu. Aldo hakuandika popote.

Leo, kilomita ya ishirini na saba,
mgongo wa kokoto umetugusa mara moja tu,
polepole,
kama mgeni anayegonga mlango
akijua wenyewe wamelala.

Gari limekuwa refu, amesema mama,
na akaingiza mguu wa pili.