Betri ya Tatu

Eleuterio, betri ya tatu nayo imelala.
Nilitaka kuipanga chini ya rafu na zile mbili,
zikae pamoja kama majirani waliogombana na mtu yuleyule.
Wewe uko kwenye vizimba vya samoni, siku ya tisa,
na huku Chiloé mvua haishuki,
inapita.

Ya nne sinunui.
Pesa ya betri ya nne ni pesa ya kuni.
Nimeazima mita kwa don Baudilio, fundi redio wa Chonchi,
akanipa na maneno matano:
“Usimlaumu mwenye njaa. Tafuta sahani.”

Usiku kucha betri ililala kwake ikila umeme.
Asubuhi nikaipima, injini kimya:
kumi na mbili, nukta sita. Nzima.
Fyuzi nzima.
Nikapiga teke, mara nne,
Honda ikakohoa, ikakubali.
Nikavuta mafuta hadi mizunguko elfu tano,
nikiingoja namba ipande kumi na nne
kama kitabu kinavyosema.
Namba ikakaa.
Kisha ikaanza kushuka, nukta kwa nukta,
kama mgeni anayerudi kinyumenyume mlangoni
ili asiage.
Taa ya mbele ikawa rangi ya chai ya jana.

Ulisema ni koili.
Ulilisema kwenye simu, kwa ile sauti yako
ya mtu aliyekwisha kupiga muhuri.
Basi nikazichomoa nyaya tatu za manjano,
nikazipima mbilimbili:
ya kwanza na ya pili, sitini,
ya pili na ya tatu, sitini,
ya kwanza na ya tatu, nikashusha pumzi, sitini.
Wala hakuna inayovujia kwenye chuma.
Koili haina kosa, Eleuterio.
Mtu nisiyemjua aliisokota mwaka wa themanini na moja
na mpaka leo, gizani, ndani ya oili,
inatoa.

Ikabaki plagi.
Kidude cha ukubwa wa kidole gumba, zamani kilikuwa cheupe,
pale koili inapomkabidhi regyuleta.
Miaka sita hatukuiangalia.
Tulimshuku anayetoa, tukambadilisha anayepokea.
Nilipoivuta ikatoka na ngozi yake:
plastiki imeyeyuka, pini moja nyeusi tititi,
mbili zimeota kijani cha chumvi,
harufu ya mwiko uliosahaulika jikoni.

Nikakaa kidogo juu ya ndoo.
Sikuwaza jambo kubwa.
Niliwaza simu zetu za Jumapili:
“Kwema?” “Kwema.” “Na paa?” “Linavuja kidogo.”
Halafu mtandao unakatika
kabla hatujafikia kilichotufanya tupige.

Nikaikata.
Kila waya nikaukwangua hadi shaba ikacheka,
nikasokota, nikatia lehemu,
nikaungua kidole, nikatoa lile tusi la marehemu mama yako
ambalo hata paka analijua.
Nikafunga tepu, tabaka tatu, kwa kuwa siiamini bahari.

Teke moja.
Kumi na tatu.
Kumi na tatu na nusu.
Kumi na nne, nukta mbili,
ikatulia hapo, mvua ikigonga mabati,
nami nimechuchumaa nikiitazama kama anayelinda maziwa motoni.
Haikushuka.

Jumatano boti yenu inafika giza limeingia.
Usipande gari la kampuni.
Simama pale kwenye ghala la nyavu, utazame mlimani:
taa moja, haifumbi kwenye kona,
ni mimi.
Leta soksi zako chafu, na hilo usilolimalizia kwenye simu.

Na zile betri mbili za zamani usizitupe.
Nimezichaji, nimezipima.
Hazikuwa na neno. Zinapokea vizuri tu.