Umeitoa Hewa Kwanza?

Inaalika, haiwaki.
Inaalika kama mwenye harusi, moto hauji.
Tk. Tk. Mjusi kafiri ukutani anaijibu.

Nimeitikisa sikioni kama dafu:
gesi imo, inacheza, nusu au zaidi.
Kwa hiyo si njaa.

Mezani pete ya Bi Thinana iko wazi,
kigae chake kando: kipande cha sahani ya kaure,
ua moja la samawati na nusu ya jani,
alichokiokota fundi walipobomoa choo cha mamake.
"Takuya Alkhamisi," alisema. Mjukuu anaolewa.
Leo Jumanne. Fedha nimeikata, dawa nimeipaka,
kilichobaki ni moto wa dakika mbili.

Nimejifunika kanga, gizani, nikabofya:
cheche ipo, ndogo, ya kuchungulia.
Nimefungua valvu robo, nusu, yote.
Gesi inatoka kwa kukohoa,
puu, kimya, puu.
Nimepitisha tunduni unywele mmoja wa burashi ya chuma,
ukatoka na kijani.
Chumvi. Hapa Amu chumvi haipigi hodi.
Imekula komeo, imekula bawaba za miwani yangu.
Nikasafisha kwa spiriti, nikapuliza, nikasema bismillahi.
Tk.

Burna hii aliinunua Bunu, ndugu yangu,
mbili kwa bei ya moja na nusu,
kabla hatujagombana juu ya mizani.
Yake akaondoka nayo Malindi.
Tangu Mfungo Sita hatusemezani.
Mimi nilisema anapunja.
Yeye alisema nimelisema mbele ya wateja.
Na yote mawili ni kweli.

Saa kumi kasoro robo nikampigia.
Nilikuwa nimepanga salamu, ndefu, ya heshima.
"Burna haiwaki," ndiyo iliyotoka.
Kimya. Nikasikia nyundo ikilazwa mezani kwake.
"Umeijaza lini?"
"Jana."
"Umeitoa hewa kwanza?"

Sikuwa nimeitoa.

"Imeshikilia pumzi ya zamani,
gesi mpya haina pa kukaa.
Nenda dirishani. Bonyeza kitako kwa bisibisi
mpaka iache kulia. Kisha ijaze, kichwa chini,
uishike mkononi ipate joto la mtu.
Robo saa. Usiwe na pupa, Tima."

Robo saa ni ndefu
ukiwa simuni na mtu usiyesema naye.
Chini, punda wa mchanga ameziba kichochoro,
wanamtukana, hajibu.
Bunu akauliza, mama anakula?
Anakula. Samaki tu, mkate hautaki.
Nikauliza, huko kuna joto?
Akasema lipo.
Mizani hakuitaja. Nami sikuitaja,
ingawa ilikuwa mbele yangu, sahani moja chini,
kwa uzito wa vumbi, nadhani.

Nikabofya.
Wa kwanza ulikuwa wa manjano, mrefu, mjinga.
Nikaukaza ukawa sindano, ukaanza kunguruma.
"Nimeusikia," akasema,
na salio langu likaishia hapo.

Fedha ikatoa jasho, ikang'aa pembeni,
ikakimbia yenyewe ikaingia ufani.
Nikaizima burna.
Nikaiwasha tena, bila kazi yoyote,
nikaizima.