Ukosi wa Bati

Macho hayana pazia, husemwa.
Masikio je?

Shangazi Skaidrīte yuko juu ya ngazi, skrubu mdomoni,
anaishonea sahani yake ukosi
kwa mabati ya zizi la ushirika
lililovunjwa mwaka ule tulipogawana ng'ombe.
Mimi nashika ngazi.
Theluji imefika magotini pa misonobari.

Miaka mitatu sahani hii imeelekezwa juu,
miaka mitatu imesikia kila kitu:
ua wa umeme wa Ojārs, tak, tak, tak, usiku kucha;
mnara wa simu ng'ambo ya mto;
mikrowevu ya Bi Velta, saa moja kamili ya jioni.
Nilimwambia, Shangazi, umejenga darubini ya kusikilizia supu.
Hakucheka.

Alinichorea kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha:
mbele ina jicho moja, kali kama sindano,
lakini pembeni, kule ukingoni, imeota vijisikio
vidogo, vya umbea,
vinavyodaka lisilovihusu.
Hata ardhi hunong'ona, alisema.
Chochote chenye joto kina neno.

Ndiyo maana ya ukosi:
kimo cha mkono wangu, bega hadi kucha,
mviringo mzima, bila ufa wa kupitisha wembe,
ili antena ikichungulia nje ya ukingo
ikutane na bati,
na ndani ya bati ione mbingu tu,
mbingu ile baridi, isiyo na la kusema
ila lile moja tunalolitafuta.

"Sikio langu la kushoto lilifia kiwandani," alisema akishuka,
"kwenye mashine za nyuzi za kioo.
Tangu hapo nasikia vizuri zaidi
ninachokigeukia."

Tukaingia. Akawasha.
Tak ya Ojārs haikwisha, ila ilisogea mbali,
kama mtu anayegonga mlango wa jirani.
Mnara ukapungua ukawa mchirizi.
Na katikati ya karatasi, polepole,
kinundu:
hidrojeni, kutoka mkono wa nyota
uliotuma salamu kabla hatujawa na masikio.

Shangazi hakupiga kelele. Alivua glavu moja.

Saa moja ikapita, supu ikapashwa, hatukujua.
Na robo, Velta alibisha hodi, sufuria mkononi.
Alibisha tena.
Shangazi alikuwa amemgeuzia upande wa kushoto.
Nilimfungulia mimi.